Jinsi ya kuingia Guild Wars ukiwa Uganda: ya kwanza kwanza, halafu ya pili

Watu wengi wakisikia jina Guild Wars wanakimbilia ya pili moja kwa moja, manake ya pili kuanza ni bure na picha zake ni kali, halafu ile ya kwanza wanaiona kitu cha zamani tu. Mimi nazipenda zote mbili sana, lakini ukiniuliza nitakwambia cheza ya kwanza kwanza, hata kama hutaimaliza yote, ndio uingie ya pili. Ukifuata njia hiyo ile ya pili inageuka kabisa, kila kilima unachopita unajua zamani kilikuwa nini na nani alifia pale. Na kwa sisi wenye laptopu za kawaida na data ya kununua kwa bando, hiyo ndiyo njia rahisi pia, banange, sijui kwa nini watu hawaisemi.

Kwa asiyejua kabisa: hii ni gemu ya kuigiza mhusika, inachezwa na watu wengi mtandaoni kwa wakati mmoja. Unamtengeneza mhusika wako, unampa sura na jina na kazi ya vita, unaingia naye kwenye dunia inaitwa Tyria, dunia ya uchawi na miungu na majoka. Walioitengeneza ni ArenaNet wa Marekani, wanaoitoa ni NCsoft wa Korea Kusini. Ya kwanza ilitoka Aprili 2005 na kampeni yake ya Prophecies, ikafuatwa na kampeni za Factions na Nightfall mwaka 2006, kisha nyongeza ya Eye of the North 2007. Ya pili ilitoka 28 Agosti 2012. Zote hazina malipo ya kila mwezi, na hiki ni kitu kikubwa mno kwa mtu wa kwetu, kwa sababu mwezi huu hela ipo mwezi ujao hakuna, na unaweza kuacha nusu mwaka mzima ukarudi ukamkuta mhusika wako amesimama palepale ulipomwacha na mali zake zote.

Laptopu na data, tuanze na hapo

Gemu ya kwanza iliundwa kwa mashine za Pentium III za 800 MHz zenye RAM ya 256 MB. Yaani laptopu yoyote iliyotumika utakayoiona madukani Kampala leo inaiweza, hata isiyokuwa na kadi ya picha ya pekee. Usimruhusu mtu akwambie lazima kwanza ununue mashine ya milioni kadhaa.

Sasa data. Gemu hii kwa kawaida inashusha vitu kidogo kidogo, ukifika sehemu mpya inasimama inashusha ramani ya pale ndio unaingia, na kama mtandao ni wa kusuasua utakaa unaangalia ule mstari unajaa polepole huku wenzako wameshaondoka. Dawa yake ni hii: bonyeza kulia kwenye alama ya gemu pale kwenye desktopu, chagua Properties, tafuta kisanduku kilichoandikwa Target, nenda mwisho kabisa wa maandishi yale baada ya alama ya kufunga nukuu, acha nafasi moja, andika -image kisha OK. Fungua gemu. Haitakuonyesha mchezo, itashusha dunia nzima kwa mpigo, ikimaliza inajifunga. Ukishamaliza rudi ukaifute hiyo -image la sivyo kila ukifungua itafanya vilevile. Umeme ukikatika katikati usijali, itaendelea ilipoishia. Fanya usiku na bando la usiku, au nenda na laptopu mahali penye waifai ya bure ukae.

Tangu Julai 2021 serikali ilipoweka kodi ya asilimia 12 kwenye data, kila gigabaiti unayonunua ina kodi ndani, kwa hivyo kama mko marafiki kadhaa mtaani au hosteli, mmoja ashushe wengine wanakili. Vitu vyote vya gemu viko kwenye faili moja kubwa, ya kwanza inaitwa Gw.dat na ya pili Gw2.dat, unanakili foda nzima mtu anaenda nayo. Lakini angalia flashi yako. Flashi nyingi zinakuja zimefomatiwa FAT32, na FAT32 haipokei faili inayozidi GB 4, itakukatalia hata kama nafasi ipo tele. Ifomati upya exFAT (toa kwanza picha na nyimbo zako maana itafuta kila kitu) ndio unakili. Kwa ya pili ambayo ni makumi ya GB tumia hadi diski ya nje.

Kucheza kwenyewe kunakula data kidogo mno ukilinganisha na kuangalia video. Mzigo ni kushusha mara ya kwanza na zile apudeti za baadaye.

Seva chagua Ulaya. Tuko mbali hata na hiyo Ulaya, lakini Amerika ni mbali zaidi, na kuna faida nyingine watu hawaioni: saa zetu zinakaribiana. Ulaya ikifika jioni na watu wamerudi kazini wanafungua gemu, huku kwetu ni saa mbili, saa tatu usiku, umeshakula posho yako umetulia. Mtu wa Amerika angekuchezesha alfajiri.

Kununua na akaunti

Ya kwanza inanunuliwa. Utahitaji kadi inayokubali malipo ya mtandaoni, na kabla ya kulipa hakikisha pakiti unayochukua ina kampeni zote tatu yaani Prophecies, Factions na Nightfall, na uangalie kama Eye of the North imo, kwa sababu bila hiyo hutapata kile kiungo cha kwenda ya pili ambacho nitakieleza. Subiri punguzo, huwa linakuja.

Kwa ya pili fungua akaunti moja kwa moja kwenye tovuti ya gemu. Iko Steam pia tangu Agosti 2022, lakini akaunti iliyozaliwa Steam na ile ya ArenaNet haziungani kuwa moja, sasa ukianza huku na kule unajikuta na wahusika wawili katika nyumba mbili. Amua mapema.

Kuanza ya kwanza

Ukiulizwa uanzie kampeni gani chagua Prophecies. Najua wachezaji wengi wazoefu watakwambia Nightfall kwa sababu kule unapata mashujaa wa kukusaidia mapema, na hawasemi uongo, lakini Prophecies ndiyo yenye ufalme wa Ascalon kabla ya maangamizi na hiyo huwezi kuiruka.

Kazi ya mhusika: ziko sita kwa Prophecies, Warrior wa panga na shoka, Ranger wa mishale na mnyama wake, Monk anayeponya, Necromancer wa maiti na laana, Elementalist wa moto na barafu, na Mesmer ambaye anampiga adui kwa kutumia akili ya adui mwenyewe. Kisha unaongeza kazi ya pili juu ya ile ya kwanza. Uzuri wote wa gemu uko hapa, manake una mamia ya skili za kukusanya lakini vitani unabeba nane tu. Nane! Kwa hivyo kabla hujatoka mjini unakaa unafikiri, unaenda kupigana na nani, unahitaji kuponya au kuzuia, nani kati yenu ana skili ya kufufua. Leveli zinaishia 20 na unazifikia mapema, baada ya hapo anayeshinda ni aliyepanga vizuri zile skili nane, si aliyekesha mwaka mzima anaua nyoka. Pointi zako unaweza kuzitoa na kuzipanga upya bure kila ukiwa mjini, kwa hiyo jaribu mambo, usiogope.

Jambo moja la muhimu kwa mtu wa Uganda na wengine hawatakuambia. Mesmer na Ranger wana skili za kumkatiza adui wakati anaandaa uchawi, na uchawi mwingi unaandaliwa kwa sekunde moja tu au pungufu. Kwa umbali wetu na seva, ukiona adui ameanza na ukabonyeza, mara nyingi umeshachelewa. Kwa hivyo usijenge mhusika wako juu ya kukatiza. Kama unapenda Mesmer (mimi nampenda kuliko wote) beba laana zinazomngoja adui afanye kitu mwenyewe, kama Backfire inayomuumiza kila akitumia uchawi, au Empathy inayomuumiza kila akikupiga. Hizo haziangalii pingi yako, yaani ule muda wa ishara kwenda kwenye seva na kurudi. Ile kazi ya kukatiza waachie mashujaa wa kompyuta baadaye, wale hawachelewi kamwe.

Ukiingia unakuta Ascalon ya kijani. Majani, mito, muziki wa Jeremy Soule, wakulima wanakuomba uwafukuzie wadudu. Watu wanapita haraka wakifikiri ni sehemu ya mafunzo. Usipite haraka. Nje tu ya lango la Ascalon City, katika Lakeside County, kuna mtoto wa kike anaitwa Gwen. Ukiongea naye anakufuata, anakimbia nyuma yako huku anaongea mambo yake ya kitoto. Filimbi yake imevunjika. Mnunulie nyingine. Anapenda maua mekundu ya iris, unayaona yanang'aa chini kwenye majani, yaokote umletee. Ukimpa vitu atakuja kukupa kipande cha kitambaa ukitunze. Hakuna pointi wala dhahabu ya maana katika haya yote, na bado nakusihi uyafanye yote.

Kwa sababu siku ukienda kwa Sir Tydus ukakubali kuingia chuo cha Ascalon, hakuna kurudi kwa mhusika huyo. Charr, wale majitu ya manyoya na pembe kutoka kaskazini, wanashusha moto kutoka angani, na hadithi inaruka miaka miwili. Unaamka ramani ni ileile lakini kila kitu ni majivu. Kile kijito ni ufa mkavu, kuta zimebomoka. Na mtoto huoni. Utaulizia wapi. Filimbi iliyovunjika utaikuta.

Utaendelea na hadithi, na miaka michache baadaye ya mchezo, ndani ya Eye of the North, utamkuta Gwen ni mwanamke mzima, Mesmer mkali, aliyekuwa mateka wa Charr na anawachukia kwa moyo wote. Anaweza kujiunga na timu yako. Kama ulimletea maua, wakati huo utajua nilichokuwa nasema.

Sasa mashujaa. Ukishafika mji wa Lion's Arch unaweza kuvuka kwenda Kamadan katika Elona, ile ardhi ya Nightfall. Elona imechorwa kwa sura za Afrika, majumba, mavazi, watu wenyewe, Koss na Melonni na Dunkoro na Tahlkora, na kwangu ilikuwa furaha kubwa kuona watu weusi ndio majemadari na makuhani na waliobeba hadithi, si watu wa kupita nyuma. Hawa ndio mashujaa, unawachagulia silaha na skili zao nane nane, na tangu Machi 2011 unaruhusiwa kubeba saba, yaani timu kamili ya wanane bila kumngoja mtu yeyote. Gemu ya zamani, miji mingine haina watu, umeme wa kwetu unajulikana, kwa hiyo kucheza na mashujaa ni bora kuliko kuwaacha wageni saba katikati ya misheni. Mpange mmoja Monk wa kuponya, mmoja Necromancer, mmoja Mesmer wa kukatiza, waliobaki chagua mwenyewe. Mtandao ukidondoka rudi haraka, gemu inakuuliza kama unataka kurejea ulipokuwa.

Kila ukifa unapunguziwa nguvu asilimia 15, na inaweza kufika hadi 60. Ikifika 60 usishindane, rudi mjini, ni bure, upange upya skili.

Katika Nightfall utakutana na Palawa Joko, mfalme mfu aliyefungwa jangwani. Utalazimika kumfungua, kwa sababu ndiye anayekufundisha kuwaendesha wale minyoo wakubwa wa kuvuka sehemu yenye sumu. Kumbuka kwamba ulimfungua wewe.

Kiungo, Hall of Monuments

Ukifika Eye of the North kuna ukumbi ambamo unaweka kumbukumbu za mafanikio yako, silaha, mashujaa, wanyama, vyeo. Unaunganisha akaunti zako mbili na kila ulichoweka kinageuka pointi, mwisho ni 50, na zinakupa mavazi na silaha na wanyama na vyeo ndani ya gemu ya pili. Usihangaike na 50, hiyo ni kazi ya watu wenye muda mrefu. Pointi 30 ni lengo zuri, zinakupa vitu vya kutosha, na chache za mwanzo ni rahisi mno kuzipata.

Kuingia ya pili

Hapa mashine inahitajika kiasi. RAM usishuke chini ya GB 8. Ndani ya gemu nenda kwenye mipangilio ya picha, chagua ile ya kasi zaidi, halafu shusha Character Model Limit mpaka chini kabisa. Hiyo moja peke yake inasaidia kuliko nyingine zote, kwa sababu kinachoua laptopu ni ile mikusanyiko ya watu hamsini wanampiga joka mmoja. Na unaweza kuanza kucheza kabla haijamaliza kushuka yote.

Gemu ya msingi ni bure tangu Agosti 2015 na ni kubwa, hadi leveli 80. Akaunti ya bure inabanwa kwenye kuchati na kwenye biashara, ni dhidi ya walaghai, ukinunua nyongeza yoyote vizuizi vinaondoka. Nyongeza ya kwanza nunua Path of Fire ya 2017, inakuja pamoja na Heart of Thorns ya 2015, na ndiyo yenye wanyama wa kupanda.

Ni miaka 250 baadaye. Majoka ya kale yameamka, ramani imebadilika, na wale Charr uliowachukia sasa ni watu wa kuchezwa. Mhusika wako wa kwanza mtengeneze Charr. Najua moyo utakataa. Charr anaanzia Plains of Ashford, na Ashford ni ileile ya mashamba ya kijani. Tembea mpaka magofu ya Ascalon City. Mizimu ya askari wa Ascalon bado inalinda, mfalme wao Adelbern aliwageuza hivyo kwa moto wake wa mwisho badala ya kusalimu amri, nao wanakushambulia wewe bila kujua vita vilishaisha. Mtu aliyeanza na gemu ya pili anaona mizimu tu ya kuua apate pointi. Wewe utasimama. Na huko kusini Ebonhawke, mji wa mwisho wa binadamu pale Ascalon, ni kikosi cha Gwen kilichouanzisha, na Logan Thackeray utakayemkuta kwenye hadithi ni wa uzao wake.

Joko naye utamkuta Path of Fire, anatawala Elona yote, amefundisha watoto wa nchi nzima kwamba yeye ndiye aliyewaokoa zamani zile. Utakuwa unajua ukweli peke yako.

Upiganaji ni tofauti. Skili tano zinatoka kwenye silaha uliyoshika, ukibadilisha silaha zinabadilika, nyingine unazichagua mwenyewe. Unapaswa kuruka pembeni kukwepa, na kwa pingi yetu ruka mapema kidogo, ukiona duara jekundu chini usingoje lijae. Anza na Necromancer, ana akiba ya pili ya uhai na wafu wake wanakukinga, anasamehe kuchelewa. Ranger wa upinde mrefu pia ni sawa.

Hakuna kugombania vitu. Mti ukikatwa na mwenzako na wewe unakata uleule, mnyama mkiua wote mnapata kila mtu chake. Ukiona mtu ameanguka chini simama umfufue, kila mtu anafanya hivyo, hata wasiojuana, ni desturi ya hii gemu na inshallah nawe utaifuata. Kila ukijaa mkoba, tumia kifaa cha kuvunjia vitu upate malighafi, kisha zipeleke zote ghalani kwa kubonyeza mara moja tu.

Mwisho ni ratiba, manake majoka na majitu makubwa yanatokea kwa saa za UTC, ile saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele kwa masaa matatu. Shadow Behemoth pale Queensdale anatokea kila baada ya saa mbili, mmoja wapo ni saa tatu kasorobo usiku wa kwetu, huyo hata leveli ndogo anaweza kwenda. Tequatl, joka la Sparkfly Fen, anakuja saa moja jioni na tena saa nne usiku, fika dakika kumi na tano kabla, andika ombi la kujiunga na skwadi, simama walipo wenzako. Siku mpya ya gemu inaanza saa tisa usiku kwetu, kwa hiyo malengo yako ya siku yamalize kabla hujalala.